Ndege Aliyenaswa kwa Gundi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi tatu: kufagia unga wa mbao, kumpelekea babu yake maji ya kunawa, na kujibu kitendawili. Ya kwanza ilimkohoza, ya pili ilimchelewesha, lakini ya tatu hakukubali kuikosa hata kwa kubembelezwa.

Shuleni alikuwa na jina jingine, refu na zuri, ila nyumbani hakuna aliyelitumia. Babu ndiye aliyempa hili la Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba, mwepesi, na akiingia mahali hutokea upande wa pili kabla watu hawajamwona.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili nyuma na karakana mbele, ikitazama barabara. Mgeni akichungulia na kuuliza, "Fundi yupo?", mama yake Sindano, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, hujibu, "Unaongea naye." Mashine aliyoipenda mama kuliko zote ilikuwa msumeno mdogo wa umeme. Wenyewe waliuita cherehani, maana wembe wake, mwembamba kama uzi, ulipanda na kushuka kama sindano inavyoshona. Tofauti yake ni kwamba cherehani ya nguo huunganisha, na hii hutenganisha. Kwa mashine hiyo mama alikata nakshi za majani, maua na nyota, akitoboa tundu, akipitisha wembe ndani yake, kisha akizunguka mstari pole pole bila kuinua macho.

Mistari hiyo ilichorwa na Babu. Tangu Sindano azaliwe, Babu alikuwa akichora nakshi kwenye karatasi, na katika kila nakshi alificha ndege mmoja mdogo ili watu wamtafute. Lakini miezi minane iliyopita alipatwa na kiharusi. Kilimwachia mguu wa kuburuta na mkono wa kulia uliolala pajani kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Ulimi wake ulipona, na akili ilikuwa nzima, ingawa mara mojamoja aliitafuta miwani iliyokuwa kwenye kipaji cha uso wake mwenyewe. Kuchora ndiko kulikokwisha. Mchoro wake wa mwisho, mzabibu wenye majani mengi na kidege kilichojificha katikati, ulikuwa umebaki karatasi moja tu.

Na huo ndio uliochaguliwa na mwalimu wa maktaba wa shule ya akina Sindano. Alitaka vibao vinane vya nakshi, viwekwe juu ya madirisha ya maktaba ili hewa ipite.

Siku ya Jumamosi Babu alinawa uso kwa mkono mmoja, akasema, "Kitendawili."

"Tega," Sindano akaitika.

"Kuingia kwake ni dakika moja, kutoka kwake ni siku nzima."

"Mwiba."

"Si mbaya. Lakini hapana."

"Mafua?"

"Mafua hubisha hodi kwanza. Huyu habishi. Nipe mji."

"Leo sitoi mji, Babu. Nitafikiri."

"Fikiri basi. Hakina haraka."

Mama naye alikuwa akivaa viatu, aende kuchagua mbao. Kabla ya kutoka alimwita Sindano mezani, akamwonyesha ubao mmoja mweusi uliokwisha kupigwa randa. "Mbao hizi ni nyeusi, penseli haionekani juu yake. Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Tunabandika karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Nakala."

"Haya. Chukua karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga, uiweke juu ya mchoro wa babu yako, ufuate kila mstari. Usikimbie. Halafu funika ubao wote kwa tepu ya karatasi, hii ya wapaka rangi. Gundi unaipaka juu ya tepu, siyo juu ya mbao, ndipo unabandika nakala. Nikimaliza kukata nitashika pembe moja ya tepu na yote itatoka kama ganda la ndizi, mbao safi. Tena tepu huupoza wembe, mbao isiungue. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Tepu kwanza."

"Na mchoro wa babu?"

"Hauguswi na gundi."

"Hasa huo," mama akasema, akatoka. Babu alikuwa ameshajilaza chumbani, akisinzia.

Sindano alianza vizuri. Jani la kwanza lilitoka jani. La pili lilitoka kama sikio. Alipofika la tatu, karatasi ilisogea, akalazimika kuanza upya. Hapo ndipo rafiki yake alipotokea mlangoni, yule aliyeitwa Redio kwa sababu habari ikiingia kwake saa tatu, saa nne inajulikana mtaa mzima.

"Tunacheza mpira wa pete na wale wa barabara ya juu," Redio akasema. "Sisi tuko sita. Wao saba, na wanatucheka."

"Nina kazi."

"Kazi ya kuchora masikio?"

Sindano aliitazama nakala yake, akautazama mchoro wa Babu, mistari imetulia kama maji ndani ya mtungi. Akajiambia: kwa nini nibandike kibaya, na kizuri kipo? Nitaubandika huu wenyewe, mama akate, kisha tuubandue. Si hubanduka kama ganda la ndizi? Alichukua tepu, akautafuta mwanzo wake kwa ukucha, akazungusha, akakwaruza, mwanzo hauonekani. Akaiweka tepu pembeni. Gundi ya shule ilikuwa imekauka kichupani. Akatwaa kopo la gundi nyeupe ya mbao, ile ya kuunganishia miguu ya viti.

"Gundi ni gundi," alimwambia Redio.

"Mimi sijasema kitu," Redio akajibu.

Sindano aliipaka juu ya mbao, akalaza mchoro wa Babu, akaulainisha kwa kiganja, akaweka matofali mawili juu yake, wakaenda kucheza. Walishindwa kwa mabao tisa.

Waliporudi, karatasi ilikuwa imekaza juu ya ubao kama ngozi juu ya ngoma. Sindano alitabasamu, akashika pembe ili ahakikishe kwamba itatoka. Kilichotoka ni utando mwembamba wa juu. Chini yake karatasi ilibaki palepale, nyeupe, imekunywa gundi. Akajaribu pembe ya pili, ikawa vivyo hivyo. Tabasamu likamwishia.

"Mafuta ya taa," Redio akashauri. Walipaka kidogo kwenye ukingo. Karatasi ikalowa ikang'aa, haikutikisika.

"Basi maji ya moto. Stempu hutoka kwa maji ya moto."

Walilowesha kitambaa, wakakiweka katikati ya mchoro, wakahesabu hadi mia. Sindano alipokiinua, karatasi ilikuwa imevimba. Akaisugua kwa kidole, taratibu kabisa, nayo ikajiviringisha vipande vipande kama uchafu wa ufutio. Alipoacha kusugua, majani yote yalikuwa salama, lakini ndege alikuwa hayupo. Ulibaki mkia tu.

Walisimama wakiutazama ule mkia.

"Mimi simwambii mtu," Redio akanong'ona.

"Wewe?"

"Leo Redio haina betri," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Sindano aliuchukua ubao akauficha nyuma ya fremu za milango zilizoegemezwa ukutani, mahali ambapo mama hakuwa na kazi napo mwezi huo. Mikono yake ilinata. Aliinawa mara tatu na bado ilinata.

Mama aliporudi, jambo la kwanza aliuliza, "Uko wapi mchoro?"

Sindano hakuwa amepanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama kikohozi. "Sijauona, mama. Nilipotaka kuanza sikuukuta."

"Hukuukuta? Si nimekuonyesha hapa hapa asubuhi?"

"Nilikwenda kucheza kidogo. Niliporudi, haupo."

Mama akafungua kinywa amwulize tena, lakini sauti ilitoka chumbani. Babu alikuwa ameamka. "Labda nimeuchukua mimi," akasema pole pole. "Mara nyingi huuchukua nikautazama. Huenda leo nimeuchukua, nikauweka mahali." Akatokea mlangoni akiburuta mguu, akajigusa kipaji cha uso. "Kichwa hiki siku hizi ni kapu lililotoboka."

Hapo ndipo Sindano alipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, angepita tu. Alifungua kinywa, ikatoka hewa.

Wakaanza kutafuta. Walitafuta kwenye masanduku ya misumari, chini ya meza, ndani ya vitabu. Sindano naye alitafuta, na hakuna kazi ngumu kama kutafuta kitu unachojua kilipo. Siku ya pili Babu aliinua godoro lake kwa mkono mmoja, akalishikilia kwa bega, akachungulia chini. Likamwangukia. Sindano alikimbia kumsaidia.

"Ahsante, mjukuu wangu," Babu akasema. "Unahangaika kwa ajili ya makosa yangu."

Jumatatu asubuhi Sindano alipeleka maji ya kunawa, akasimama akisubiri. Babu alinawa, akajifuta, akatazama dirisha.

"Babu, kitendawili?"

"Leo sina. Nilikuwa nacho, kimetoroka."

Jumanne hakikuwepo pia. Siku hiyohiyo Babu alivua shingoni ufunguo wa sanduku lake, lenye penseli zake na vyeti vyake vya miaka mingi, akamkabidhi mama. "Kaa nao wewe, mwanangu. Nisije nikaupoteza nao." Mama aliupokea, akaenda kusimama nyuma ya cherehani ingawa hakuwa na la kukata.

Sindano alijaribu kila njia isipokuwa ile moja. Darasani, wakati wa hesabu, alimchora yule ndege pembezoni mwa daftari ili amrudishe kwa siri. Wa kwanza alifanana na kiatu. Wa pili Redio alimtazama, akauliza kama ni mwalimu mkuu. Nyumbani, mama hayupo, aliuvuta ubao mafichoni, akajaribu kuingiza kisu cha mezani chini ya karatasi, akapasua jani moja, akaurudisha haraka. Kila alipogusa aliharibu. Alikuwa kama nzi ndani ya asali: akivuta mguu huu, unazama ule. Na mwalimu wa maktaba alikuwa amesema angekuja Alhamisi kuona kibao cha kwanza. Kisipokuwepo, angenunua vibao vya kawaida kwingine, visivyo na nakshi.

Jumatano aliporudi shuleni alimkuta Babu amekaa kwenye kigoda karibu na meza ya kazi. Mbele yake palikuwa na karatasi, na penseli ilikuwa katika mkono wa kushoto. Mstari ulianza vizuri, ukayumba, ukaanguka nje ya karatasi hadi mezani.

"Njoo, Sindano. Wewe una macho ya ujana," Babu akasema. "Hebu niambie. Yule ndege wangu alitazama wapi, kulia au kushoto?"

Sindano aligeuza macho kwenye fremu za milango.

"Mimi naona kushoto," Babu akaendelea. "Naona kushoto, na jicho lake liko chini ya jani lenye ncha tatu. Namwona kama ninavyokuona wewe. Lakini hata mchoro niliona kwamba niliuacha mezani, na haukuwepo. Kwa hiyo nikiona kitu siku hizi, siamini tena."

Ndege alitazama kushoto. Jicho lake lilikuwa chini ya jani lenye ncha tatu. Babu hakuwa amesahau hata unyoya mmoja.

Sindano alilia kabla hajasema. "Ni kushoto, Babu. Na uliuacha mezani. Ulikuwepo. Ni mimi." Akaenda nyuma ya fremu za milango, akauburuta ule ubao, akauweka mapajani mwa Babu, juu ya mkono uliolala. Akamweleza yote: masikio, mpira wa pete, tepu isiyo na mwanzo, gundi ya viti, maji ya moto.

Babu alipitisha vidole vya mkono wa kushoto juu ya karatasi, akafika pale palipochubuka, akasimama.

"Kumbe sikuupoteza," akasema.

"Hukuupoteza."

"Siku nne, Sindano. Siku nne nimejiona mtu aliyekwisha."

Mama alikuwa ameingia na amesikia ya kutosha. Hakupiga kelele, na Sindano aliona ingekuwa afadhali angepiga. Aliuinua ubao kwenye mwanga, akaukwaruza pembeni kwa ncha ya patasi, akatikisa kichwa. "Gundi hii imeingia kwenye mbao na kwenye karatasi. Hata tukiipasha kwa pasi, itatoka vipande. Haubanduki huu."

Watu watatu na ubao mmoja, na hakuna aliyejua la kufanya. Nje mtu aliuliza, "Fundi yupo?" na hakuna aliyemjibu.

"Mnataka kuubandua wa nini?" Babu akauliza hatimaye.

"Baba, ni mchoro wako wa mwisho."

"Niliuchora ukatwe. Kata. Ubao huu uwe mama wa vibao vingine. Ukishakatwa, Sindano atauweka juu ya karatasi na kuzungusha penseli ndani ya matundu yake. Atapata nakala nane, na themanini akitaka, na haitatoka hata moja yenye masikio."

"Lakini wembe utaula mstari wako," mama akasema kwa sauti ndogo. "Utakuwa vumbi. Hautabaki mkono wako popote."

"Mstari utaliwa. Umbo litabaki." Babu alimeza mate. "Hata mkono wenyewe haukubaki, mwanangu."

"Na ndege?" Sindano akauliza. "Ndege hayupo."

"Ndege utamchora wewe."

"Siwezi, Babu. Ninachora viatu."

"Hujui kuona, ndiyo maana. Mimi ninaona na siwezi kuchora. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja."

Mama alibandika kipande cha karatasi safi pale palipochubuka. Sindano akakaa miguuni pa Babu na ubao. "Anza na shingo," Babu akasema. "Ipinde kama mpini wa kijiko. Siyo hivyo, hicho ni kijiko cha mgonjwa. Futa. Sasa shuka mgongoni, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani." Alifuta mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mara ya tisa Babu hakusema futa.

"Amenenepa kidogo," Sindano akasema.

"Mwache. Alikuwa kifungoni siku nne, hakuwa na mazoezi."

Mama akatoboa matundu, akapitisha wembe, akawasha cherehani. Jani baada ya jani, mistari ya Babu iligeuka unga, na mama akaupuliza kwa mdomo ili aone njia. Mbao iliungua kidogo kwenye kona, maana hapakuwa na tepu chini. Babu alitazama mpaka mstari wa mwisho. Akajifuta jicho kwa mkono wa kushoto, akasema ni vumbi. Karakana ilikuwa na vumbi kweli, lakini si la kiasi hicho.

Alhamisi mwalimu wa maktaba alikuja. Aliushika ule ubao, akautazama na karatasi yake iliyobaki juu ya majani, akapewa kibao cha kwanza safi kilichokatwa asubuhi hiyo. Alimtafuta ndege kwa muda, akampata. "Mbona ana tumbo?"

"Amekula gundi," Babu akajibu.

Mwalimu alicheka bila kujua anachekea nini, akakubali vibao vyote vinane.

Alipokwisha kuondoka, mama alimketisha Sindano. "Nisikilize vizuri. Kosa lako la gundi liliharibu karatasi, na kila anayefanya kazi huharibu siku moja. Mimi mwenyewe nimeharibu mbao za kujaza chumba hiki. Ungeniambia Jumamosi ileile, tungelia kidogo, tukakata. Lakini ulisema uongo, na uongo haukukaa kwako. Ulikwenda kumkalia babu yako kichwani, akaacha kujiamini. Karatasi tumeitafutia dawa alasiri moja. Hilo jingine litatoka polepole, na si wewe wala mimi tunaojua litatoka lini. Ukikosea, sema kabla gundi haijakauka."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Niseme kabla gundi haijakauka."

Mama alichukua ufunguo wa sanduku, akampelekea Babu. Babu aliutazama. "Kaa nao siku mbili tatu," akasema. Mama akaurudisha mfukoni.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Sindano alifunika vibao kwa tepu, akabandika nakala juu yake kwa gundi mpya ya shule, na kila alipomaliza alikunja ncha ya tepu ili mkono unaofuata uupate mwanzo wake. Mama akikata, Sindano alishika pembe akavuta, na yote ikatoka kwa mkupuo mmoja, mbao nyeusi, safi. Kila asubuhi alipeleka maji na kusimama. Babu alinawa, akatazama dirisha.

Jumatatu Babu alinawa, akajifuta, akanyoosha mkono wa kushoto. "Mwambie mama yako anipe ufunguo wangu."

Sindano alikwenda mbio, akarudi nao, akamvika shingoni. Babu aliugusa kifuani, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

"Una jibu langu?" akauliza. "Kuingia kwake ni dakika moja, kutoka kwake ni siku nzima."

"Uongo," Sindano akasema. "Lakini siku nzima haitoshi, Babu."

"Haitoshi," Babu akakubali. Akaitafuta miwani kwenye meza, akaikuta kwenye kipaji chake cha uso, akaishusha puani. "Kitendawili."

"Tega."